Mpini na Chuma Chake

Katika soko kama la Tandika, wilayani Temeke, jembe lililovunjika mpini halihesabiwi kuwa limekufa. Mwenyewe hulipeleka chuma kwa fundi, hulichagulia mti mpya, hulipa akaenda zake; na afikapo nyumbani husema amerudi na jembe lake. Hapana jirani atakayemkosoa. Walakini mtu huyo huyo akioneshwa bastola ya kale iliyotiwa mpini mpya, aghalabu atauliza: je, hii ni ya asili? Chuma ni chuma na mti ni mti. Kwa nini basi jembe lisamehewe na bastola isisamehewe?

Wakusanyaji wa rivolva, yaani bastola za zamani ambazo risasi zake hukaa katika kibweta kinachozunguka, wamelijibu swali hilo kwa macho na kwa ncha za vidole kabla ya kulijibu kwa hoja. Mpini wa silaha hizo huwa ni vibao viwili vilivyobana chuma na kushikwa kwa skrubu. Cha kwanza kutazamwa ni masikilizano. Ikiwa kingo za chuma zimelika hata rangi yake ya kiwandani imetoka, ilhali mistari iliyochanjwa kwenye kibao ingali inachoma kiganja, basi viwili hivyo havikuzeeka pamoja. Mwanya mdogo baina ya mti na chuma si hatia, kwani mti hunywea kwa miaka na chuma hakinywei. Lakini kibao kilichochupa nje ya chuma hushukiwa. Mpira mgumu, uliotumika sana tangu mwishoni mwa karne ya 19, hugeuka hudhurungi unapopigwa na mwanga. Kisha vibao hufunguliwa. Katika bastola nyingi za kale za Smith & Wesson za Marekani, namba ya silaha iliandikwa au kugongwa upande wa ndani wa kibao cha kulia, mahali ambapo mshikaji hapaoni. Na wakati mwingine chuma chenyewe hushitaki: mstari wa kutu huonesha umbo la mpini mwingine uliokuwapo hapo zamani.

Hata hivyo, elimu hii yote hukwama mbele ya mfano mmoja. Jeshi la Uingereza lilipokea rivolva ya Enfield Namba 2 mwaka 1932. Mwaka 1938 ukaja muundo uliorekebishwa, pamoja na mpini wa umbo jipya, na nyingi katika zile za mwanzo zikarudishwa karakanani zikabadilishwa zifanane na mpya. Bastola ya namna hiyo ina mpini gani wa asili? Ule wa kwanza, ambao huenda haukufika hata vitani, au ule wa pili, ambao ndio uliobebwa na kuloa jasho? Anayesema kwamba asili ni ule wa kwanza basi, atalazimika kuutupa ule uliofanya kazi.

Hapo ndipo tofauti ya jembe na bastola hudhihirika. Jembe la Temeke lingali kazini, na mwenyewe halidai ila kulima. Bastola ya mkusanyaji imestaafu kazi na kuitwa barazani kutoa ushahidi: ilitoka wapi, ilishikwa namna gani, kwa muda gani. Shahidi haulizwi kama ana nguvu. Huulizwa kama anasema kweli.

Kwa hiyo kosa haliwi katika kubadilisha. Mchongaji wa Mwenge, kule Kinondoni, angeweza kukichonga kibao cha mpingo kikakaa juu ya chuma cha kale kwa uzuri kuliko kile cha kiwandani, na asiwe amemdhulumu mtu. Dhuluma huanza pale kibao hicho kinaposuguliwa kwa msasa penye mapito ya dole gumba, kikapakwa majivuno ya miaka ambayo hakikuishi, kikauzwa kimya kimya. Huo ni uwongo usio na ulimi, na huenda ni mbaya kuliko wa ulimi, maana muuzaji hubaki na nafasi ya kuapa kwamba hakusema neno.

Swali linakuwa gumu zaidi silaha inapokuwa ya mtawala. Waswahili humwambia aliyeonewa kwamba mwenziwe ameshika mpini na yeye ameshika makali. Mpini wa bastola ya afisa wa kikoloni, uliolika kwa kiganja chake, ndiyo sehemu pekee ya chuma kile inayomkumbuka mshikaji. Wapo ambao wangependa ung'olewe. Na nchi zimewahi kung'oa: kambi iliyoitwa Colito, nje ya mji wa Dar es Salaam wa wakati huo, ilipewa jina la mapigano ya mwaka 1941 huko Ethiopia. Askari wakaasi hapo tarehe 20 Januari 1964, na baadaye kambi ikaitwa Lugalo, kwa kukumbuka siku ya 17 Agosti 1891 ambapo Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Zelewski. Mpini ulibadilishwa mchana kweupe. Hakuna anayefundishwa kwamba jina la Lugalo lilikuwapo tangu kujengwa, na habari za maasi zingali zinasimuliwa kwa jina la Colito.

Visiwani mtihani huo huja kwa sura ya jambia la babu. Mipini ya fahari ilikuwa ya pembe ya kifaru, na biashara ya kimataifa ya pembe hiyo imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1977. Mrithi ambaye pembe yake imepasuka hawezi tena kutafuta nyingine kwa haki. Sonara atamtilia mti au fedha. Akiwa mwungwana hatauomba mti ufananishwe na pembe. Ataomba vile vipande vilivyopasuka avirudishiwe, avifunge kitambaani, avitie sandukuni pamoja na jambia, ili atakayelifungua sanduku baada yake avikute vyote viwili.