Je, Mvaaji Ana Deni kwa Mchumaji?

Mtu akinunua kitu cha wizi, naye ajua ni cha wizi, hakuna asiyemhukumu. Lakini akinunua nguo dukani kwa fedha halali, na pamba ya nguo hiyo ilichumwa na mtumwa ng'ambo ya bahari, je, anayo hatia? Wengi hulikimbia swali hili wakisema: "Nimelipa bei niliyotajiwa." Sisi twaona jibu hilo halitoshi, ingawa si uongo mtupu.

Tutwae mfano ulio karibu nasi. Wazee wetu waliijua vema merikani, kile kitambaa kigumu kisichotiwa rangi. Jina lenyewe latuambia kilikotoka. Hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said, wafanya biashara wa Salem, Massachusetts, walileta majora kwa majora Unguja. Kilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na wafumaji, mwanzoni wengi wao wasichana kutoka mashambani, walikuwa watu huru wenye mshahara. Bali pamba ilitoka kusini, mikononi mwa watumwa. Mwaka 1860 watumwa wa nchi ile walikaribia milioni 4. Kutoka pwani wapagazi waliibeba merikani hata Tabora na Ujiji, na huko ndiyo iliyokuwa fedha, ikipimwa kwa shuka na doti. Ilinunua chakula, ikalipa hongo, ikanunua pembe za ndovu. Ikanunua na watu pia. Hivyo jasho la mtumwa wa ng'ambo liligeuka kuwa bei ya mtumwa wa huku bara. Nani katika mlolongo huo aliyejiona ana hatia? Twadhani ni wachache sana, maana kila mmoja alishika kipande chake tu.

Hata hivyo wako waliouona mlolongo mzima. Viwanda vya Uingereza, ambavyo vingi vilikuwa Lancashire, vilipata kiasi cha sehemu nne katika tano za pamba yake kutoka kusini mwa Marekani. Vita vilipozuka huko mwaka 1861, Rais Lincoln alizifunga bandari za kusini, na pamba ikakatika. Mwishoni mwa mwaka 1862 watu karibu nusu milioni wa Lancashire walikuwa wakiishi kwa msaada. Walikuwako waliotaka serikali yao ikivunje kizuizi kile, nasi hatuna haraka ya kumlaumu mwenye njaa. Walakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanya kazi wa Manchester walikutana, wakamwandikia Lincoln kumuunga mkono katika kuukomesha utumwa. Aliwajibu Januari 1863 akiyakiri mateso yao, na mwezi uliofuata meli George Griswold ikafika Liverpool na shehena ya chakula kutoka New York.

Umbali, basi, haufuti deni. Lakini deni si sawa kwa wote. Mpagazi aliyelipwa doti ya merikani hakuwa na la kuchagua. Mwenye kiwanda aliyesoma gazeti kila asubuhi aliweza kujua, tena aliweza kuchagua. Mzigo wake ni mzito zaidi. Linalotusumbua ni kwamba gharama ya dhamiri yaelekea kumwangukia maskini: mfumaji alishinda na njaa, na waliokuwa na pamba ghalani wakapata faida bei ilipopanda.

Wala mambo haya hayakuzikwa na karne ile. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa; washonaji waliamriwa warudi kazini. Nguo za namna hiyo huvaliwa Ulaya na Marekani, kisha nyingine hushushwa bandarini kwetu kama mitumba. Mama anayemchagulia mwanawe shati sokoni, sisi twamweka pamoja na yule mpagazi. Kampuni iliyoagiza shati hilo hatuwezi kuiweka hapo. Kule Savar watu walichakura kifusi wakitafuta lebo za nguo, maana kampuni nyingine zilikuwa zimekana kwamba ziliwahi kushonewa humo.