Uji Usiotiwa Sukari

Mwanamke ninayemsimulia hapa si mtu mmoja. Nimemkusanya kutoka kwa wengi wanaopanga foleni kwenye kliniki za wajawazito Nairobi. Tumpe duka dogo la nguo River Road, nyumba ya kupanga Kangemi, na mimba ya wiki 26.

Kliniki ilimpa gramu 75 za glukosi anywe kabla hajala kitu. Kabla ya kunywa, sukari yake ilikuwa 5.4, saa mbili baadaye, 9.6. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni 5.1 na 8.5, na kufikia mmoja tu kunatosha. Akaambiwa ana kisukari cha ujauzito.

Alikuwa mtu wa kutii. Siku hiyohiyo aliacha soda, mandazi na sukari ya chai. Hata smoki za stejini hakuzigusa tena, ingawa katika kesi hii smoki hazikuwa mshtakiwa mkuu.

Kilichobaki ndicho kilichomponza. Mama mkwe alimletea unga wa wimbi kutoka Vihiga, na kila alfajiri alijaza thamosi uji usiotiwa sukari, uliotiwa asali, kwa kuwa asali ni ya asili. Wimbi ni nafaka njema, lakini ikisagwa laini na kupikwa ikawa kitu cha kunywa, wanga wake hugeuka sukari na kuingia damuni upesi. Na asali ni sukari, hata kama imepita kwa nyuki. Mchana alikula sahani ya matunda ya kukatwa, tikiti, nanasi na ndizi, peke yake bila kitu kingine. Nusu chapati na bakuli la madondo kutoka kibanda cha jirani vingemfaa zaidi, maana maharagwe hupunguza kasi ya sukari. Jioni ulikuja ugali kama mlima na sukuma wiki pembeni kama pambo, kwa sababu mama mkwe alisema, "Mwanangu, unakula kwa watu wawili."

Hapo bado angeweza kuokoka, kama si hila ndogo aliyojifunzia kwenye foleni. Siku moja kabla ya kliniki alikula chakula cha mchana tu, akalala njaa. Asubuhi mashine ilisoma 4.9, akapongezwa. Sukari ya saa moja baada ya kula, inayotakiwa kuwa chini ya 7.8, hakuipima hata siku moja. Aliogopa insulini, akidhani ni adhabu ya aliyeshindwa kujizuia. Kumbe homoni za kondo la nyuma huizuia insulini ya mama kufanya kazi, na kadiri mimba inavyokua ndivyo zinavyozidi. Wako wanaokula vizuri kabisa na bado wanahitaji sindano.

Mtoto hakudanganyika. Sukari ya mama huvuka kondo, insulini yake haivuki, kwa hiyo kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake lenyewe, nyingi, na sukari ile hugeuka mafuta mabegani na tumboni. Alizaliwa kwa upasuaji akiwa na kilo 4.6. Kitovu kilipokatwa, sukari ya mama ilikoma papo hapo, insulini ya mtoto ikabaki. Katika saa chache sukari yake ilishuka, akatundikiwa dripu ya glukosi, na mama akawa anakwenda kumnyonyesha wodi nyingine akijishika mshono.

Walipona wote wawili. Nyumbani alipikiwa njahi, jamii ya maharagwe na chakula cha mzazi, na kwa bahati ni chakula kinachomfaa mwenye kisukari kuliko vyote alivyokula katika mimba ile.

Wiki ya sita alimpeleka mtoto chanjo. Wakati huo naye alitakiwa kuanza kufikiria kunywa tena glukosi, kipimo kinachofanywa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa sababu mama aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito yumo katika hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu. Kadi ya mtoto ilipigwa muhuri. Duka la River Road lilikuwa halijafunguliwa tangu ajifungue, na kodi ilikuwa imefika. Akavuka Waiyaki Way, akapanda matatu ya kwenda mjini.