Ni Nani Anayepumzika Siku ya Mapumziko?

Sisi tunaoishi Mchafukoge tuko karibu na bahari kuliko watu wengi wa jiji hili. Kutoka Mnazi Mmoja mpaka Magogoni, mtu mzima hufika kwa miguu. Lakini bahari ya upande ule ni ya meli, pantoni na soko la samaki. Si mahali pa kumwacha mtoto achezee mchanga. Kwa hiyo familia ikitaka kupumzika ufukweni hupanga safari: huvuka Kigamboni kwenda Mjimwema, au hupanda daladala mpaka Coco Beach, au huenda mbali zaidi, Kunduchi. Wapo wanaotania kwamba hata jina la kata yetu linatutuma huko, maana masikioni linasema, "Mchafu, akoge!"

Katika nyumba yenye mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miezi minne, safari hiyo huitwa mapumziko. Je, ni nani anayepumzika? Huenda swali likaonekana dogo, lisilostahili kuletwa mbele ya waamini. Lakini Mungu aliiweka amri ya pumziko ndani ya Amri Kumi, pamoja na ile ya kutoua na ile ya kutoiba. Jambo lililowekwa mahali pale si dogo.

Tuihesabu kazi ya siku hiyo. Mama ameamka alfajiri, amepika wali, amekaanga samaki, amefungasha nepi, kanga, kofia na maji ya kunywa. Mtoto wa miezi minne hula maziwa ya mama tu. Ndivyo tunavyofundishwa kliniki mpaka atimize miezi sita. Kwa hiyo hata mama akikaa chini ya kivuli, bado yuko kazini. Mtoto mkubwa naye ana furaha yake. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwa mtoto wa miaka miwili kindoo kimoja cha maji ni bahari tosha. Tatizo ni kwamba bahari yenyewe haijui umri wake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji, na maji ya kina kifupi yanatosha kuua. Lazima jicho la mtu mzima liwe juu yake kila dakika.

Jicho hilo ni la nani? Mara nyingi ni la dada wa kazi. Aliambiwa aje "naye akapunge upepo", lakini amembeba mdogo mgongoni kwa mbeleko, anamkimbilia mkubwa, kisha anakusanya sahani. Baba amejilaza kwenye mkeka, simu mkononi. Jioni familia inarudi na picha nzuri. Wanawake wawili wamechoka kuliko siku ya Jumatatu, na hakuna aliyewaonea kwa makusudi.

Zipo hoja mbili za kutetea mpango huo, nazo zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni ya wazee wetu: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Miaka ya kunyonyesha ni ya kuvumilia; itapita, na mama atapumzika watoto wakikua. Ya pili ni ya mwenye nyumba: dada analipwa mshahara, na kazi aliyoajiriwa ni hiyo hiyo ya kulea watoto, iwe nyumbani au ufukweni.

Hoja hizo tuzipime kwa Neno. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, amri ya Sabato inawataja watu mmoja mmoja: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, hata ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Kisha inaeleza sababu: mtumwa na mjakazi wapate kupumzika sawasawa na bwana wao, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Aliyeonja mkono wa Farao asiwe Farao nyumbani kwake. Hapa tunapata kipimo. Pumziko la nyumba halipimwi kwa usingizi wa mkuu wa nyumba. Linapimwa kwa hali ya yule asiyeweza kulidai. Tumwangalie huyo, tutajua kama nyumba nzima imepumzika.

Mke hatajwi peke yake katika orodha ile. Wako wafafanuzi wa Maandiko wanaosema kwamba yumo ndani ya neno "wewe", yaani anaamriwa pamoja na mumewe. Tukikubali hivyo, tukubali na matokeo yake: mama ni mmoja wa walioamriwa kupumzika. Hakuwekwa kuwa mtambo wa kuwapumzisha wengine. Uvumilivu wake ni sadaka njema anapoutoa mwenyewe. Sisi wengine hatuna haki ya kuupangia bajeti.

Na mshahara? Mshahara unalipia kazi. Haufuti haki ya pumziko. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa pumziko la angalau saa 24 kila wiki. Siku ambayo dada ameshinda juani na mtoto mgongoni hatuwezi kuiandika kwenye hesabu ya mapumziko yake, hata kama alinunuliwa soda.

Mtu atasema: basi kila mmoja apewe siku yake. Mama alale Jumanne, dada aondoke Jumatano, baba apumzike Jumapili. Wazo hilo linatugusa sisi wa Kariakoo, ambako siku hizi wafanyabiashara wanahimizwa kufungua maduka usiku na mchana. Jambo kama hilo limewahi kujaribiwa kwa taifa zima. Mwaka 1929 serikali ya Umoja wa Kisovieti ilitaka mashine za viwanda zisisimame. Iliwagawa wafanyakazi katika makundi matano, kila kundi likafanya kazi siku nne na kupumzika siku ya tano. Kwa hesabu, watu walipata siku nyingi za mapumziko kuliko mwanzo. Lakini mume alikuwa nyumbani siku moja na mke siku nyingine. Malalamiko yalikuwa mengi. Mpango ukaanza kubadilishwa mwaka 1931, na mwaka 1940 juma la siku saba likarudishwa, pamoja na Jumapili yake.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba pumziko ni jumla ya saa za kulala tu. Ni pamoja na kuonana, na watoto kuwaona wazazi wao wawili mahali pamoja bila haraka. Tukitaka kulinda pande zote mbili, njia ni moja: tukae pamoja, na ndani ya kukaa pamoja tupokezane zamu.

Injili inatusaidia hapa. Katika Marko sura ya 6, Yesu anawaita wanafunzi wake mahali pa faragha wapumzike, kwa maana hawakuwa na nafasi hata ya kula. Walipofika, umati ulikuwa umewatangulia. Mzazi wa watoto wadogo anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Yesu hakuufukuza umati. Aliuhurumia, akaanza kuufundisha yeye mwenyewe. Na katika Yohana sura ya 21, wanafunzi wamevua usiku kucha. Wanapokaribia nchi kavu asubuhi, wanakuta moto wa makaa, samaki na mkate, na Bwana anawakaribisha wale. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote ndiye aliyetayarisha chakula pale ufukweni, na waliochoka ndio walioandaliwa.

Kwa mfano huo, mkuu wa nyumba ana zamu ya kwanza. Simu ikae mfukoni, na mtoto mkubwa awe mikononi mwa baba karibu na maji. Mdogo akishashiba, baba au shangazi ampokee, mama ajinyooshe. Chakula kipikwe na wengi usiku uliotangulia, au ikiwezekana kinunuliwe mihogo pale pale. Dada ama aachiwe siku yake aitumie atakavyo, ama aje kama mgeni asiyegusa sahani. Familia isiyo na nauli ya kwenda mbali inaweza kufanya haya haya kwenye bustani ya Mnazi Mmoja, nayo itakuwa imeitunza siku takatifu.

Lakini yuko mama ambaye hana wa kupokezana naye. Anaishi chumba kimoja nyuma ya maduka, analea peke yake, anauza vitumbua asubuhi na kufua jioni. Kumwambia apumzike bila kumpokea mtoto ni kumwongezea mzigo wa lawama. Kwake zamu ni ya usharika. Wazee wetu, vijana wa kwaya na umoja wa wanaume wanaweza kuchukua saa mbili za Jumapili baada ya ibada, wawalee watoto hao ili mama zao wakae. Tukishindwa hilo, tutakuwa tunahubiri Sabato kwa wenye wasaidizi tu.

Zaburi ya 121 inakiri kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Maneno hayo hayaturuhusu tulale wote huku mtoto yuko karibu na maji. Yanatufundisha kwamba anayekesha kwa ajili ya mwenzake anafanya kazi inayofanana na ya Mungu, na anayelala kwa sababu mwenzake anakesha anajifunza kutumaini. Watoto wetu wadogo wanalijua pumziko la pili peke yake. Mama zao na dada zao wa kazi nao wanastahili kulijua. Kabla ya kufunga kapu la safari, tuulizane kwa majina: leo atapumzika nani, na saa ngapi? Jina la mama au la dada likikosekana, safari hiyo ipangwe upya.