Mitutu Miwili Ukingoni mwa Rungwe

Bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ya kiwanda cha Stevens cha Marekani, iliundwa ili mkulima wa pato dogo aimudu. Haina nakshi wala fahari. Kutu yake huondolewa kwa mafuta, tako lililopasuka huungwa, kisha fundi huinua mitutu kwenye mwanga na kuchungulia kama imebonyea. (Ile ya kale zaidi, iliyosokotwa kwa vipande vya chuma, haiaminiki kwa baruti ya kisasa, hata ing'ae vipi.) Hadi hapo, kazi ni ya mikono tu.

Swali la maadili huanza juu ya Tukuyu, kando ya msitu wa mlima Rungwe, ambako mahindi yakikomaa huvamiwa. Miongoni mwa wavamizi yumo kipunji, aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikwisha kuwa na jina lake. Mzoga uliothibitisha mwaka 2006 kwamba ana jenasi yake pekee ulitoka katika mtego wa shambani. Hesabu ya 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu.

Husemwa kwamba chombo hakina dhambi, mwenye dhambi ni mkono. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Risasi humlenga mmoja. Marisau hutawanyika, na katika ukungu wa alfajiri nani ajuaye aliye nyuma ya tumbili mwizi? Hata hivyo, amkatazaye mkulima kufyatua hajasema bado ni nani atakayelipa gunia lililoliwa.