Nani Atalipa Bili?

Jumapili iliyopita hapa Kawangware tulimwekea mikono kijana wa miaka 16. Mamake alimleta kutoka Kibera. Jumanne akanipigia simu: "Pasta, amerudia gundi."

Je, maombi yalishindwa? Hapana. Ni sisi tuliomwachia njiani. Msamaria wa Luka 10 alifunga vidonda, akampeleka majeruhi nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kuongeza. Huruma yake ilikuwa na bajeti.

Uraibu ni ugonjwa. Hospitali ya Mathari ina kitengo cha kuutibu. Simu ya NACADA, 1192, ni ya bure. Lakini bajeti yetu ni ya spika mpya. Tukisema "Amina" kisha tumwachie mama bili peke yake, tunatofautianaje na kuhani aliyepita kando?