Mjumbe Anayechagua wa Kumpelekea

Msemo kwamba mjumbe hauawi umejengwa juu ya dhana mahususi ya tendo: mjumbe hubeba neno asilolitunga, hulifikisha kwa mtu asiyemchagua, na kwa hiyo uzito wa neno hilo humrudia aliyemtuma. Kinga yake haitokani na huruma, bali na uchache wa tendo lake, kwa kuwa kati ya mtumaji na mpokeaji hakuna uamuzi wowote ulio wake. Swali la dhima ya kampuni za mitandao ya kijamii, yaani wajibu wa kuitikia mbele ya sheria na kufidia madhara, ni swali la iwapo kampuni hizo ni wajumbe wa namna hiyo.

Sheria ya Marekani ililijibu swali hilo kabla mitandao yenyewe haijakua. Mwaka 1991 kampuni ya CompuServe, ambayo haikuyakagua maandishi iliyoyasambaza, ilishinda kesi ya kashfa. Lakini mwaka 1995 mahakama ya New York iliamua kuwa kampuni ya Prodigy, kwa kuwa ilikuwa ikiondoa maandishi yasiyofaa, ihesabiwe kuwa mchapishaji wa yale yaliyobaki. Aliyejitahidi kusafisha akabanwa, aliyefumba macho akasalimika. Bunge la Marekani lilirekebisha kasoro hiyo mwaka 1996 kwa Kifungu cha 230, ambacho kinakataza mtoa huduma kuchukuliwa kuwa mchapishaji au msemaji wa habari iliyotolewa na mtu mwingine. Kwa wakati wake, jibu hilo lilikuwa la haki.

Wakati ule msomaji aliingia mwenyewe kutafuta alichokitaka. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na algoriti, yaani utaratibu wa kihesabu unaokadiria ni habari ipi itamshika mtumiaji fulani kwa muda mrefu zaidi, kisha ukaitanguliza hiyo na kuzizika nyingine. Hapo ndipo inapobidi kutenganisha mambo mawili ambayo sheria imeyafunga pamoja, yaani habari na mpangilio wa habari. Habari ni ya aliyeiandika. Lakini uamuzi kwamba imfikie mtu huyu, saa hii, tena na tena, haukufanywa na mwandishi yeyote, wala msomaji hakuuomba. Atakayejibu kuwa mashine haina nia atakuwa amesema kweli kuhusu mashine tu, kwa maana lengo la kumshika mtumiaji liliwekwa na watu wanaofaidika na matangazo anayotazama.

Kampuni zenyewe zimelikiri jambo hili zilipolihitaji. Majimbo ya Texas na Florida yalipojaribu kuzizuia zisiondoe baadhi ya maandishi, jumuiya yao, NetChoice, ilidai kuwa kuchagua na kupanga ni usemi unaolindwa na katiba, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali hoja hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwezi uliofuata, mahakama ya rufaa iliyoko Philadelphia, katika shauri la msichana wa miaka kumi aliyekufa baada ya kuiga mchezo wa kujinyonga ambao TikTok ilikuwa imempendekezea, ilitoa hitimisho linalofuata: ikiwa mapendekezo ni usemi wa kampuni, Kifungu cha 230, kinachohusu usemi wa wengine, hakiyakingi. Na kweli, usemi hauwezi kuwa wa mtu anapodai uhuru, kisha ukawa wa jirani anapodaiwa fidia.

Hofu kwamba kampuni zikibebeshwa dhima zitafuta kila neno lenye utata ni ya kweli, lakini inahusu dhima juu ya maandishi yenyewe. Dhima juu ya mpangilio huliacha andiko lilipo, na kuhoji tu ni nani aliyelisukuma mbele.

Tofauti hiyo inaonekana wazi Nairobi, ambako Meta ilishtakiwa Desemba 2022 kwa madai kwamba Facebook ilikuza maandishi ya chuki wakati wa vita vya Tigray nchini Ethiopia. Walalamikaji hawaombi fidia pekee. Wanaomba algoriti yenyewe ibadilishwe isiipe chuki kipaumbele, ombi ambalo lisingekuwa na maana kama kampuni ingekuwa mjumbe tu, na ambalo Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Aprili 2025 kuwa ina mamlaka ya kulisikiliza.