Dai la Kiwanda na Mzigo wa Ushahidi

Kizuri chajiuza, lakini mnunuzi wa saruji hana mizani. Anapoona mfuko umeandikwa kilo 50, je, ni nani anayepaswa kuthibitisha?

Mtakwimu hulichukua dai la kiwanda kama nadharia tete, kisha hutazama kama sampuli inalikanusha. Tuchukulie tumepima mifuko 16, tukapata wastani wa kilo 49.6 na mkengeuko sanifu wa kilo 0.8. Thamani ya t ni -2.0. Kwa kiwango cha asilimia 5, mpaka ni -1.753, hivyo dai linakataliwa. Kwa asilimia 1, mpaka ni -2.602, nalo halikataliwi. Mifuko ni ileile, hukumu ni mbili.

Kuchagua kiwango, basi, ni suala la maadili. Kiwango kidogo hukilinda kiwanda kisihukumiwe bila kosa, lakini humwongezea mnunuzi hatari ya kupunjwa. Naona mzigo umwelemee zaidi mwenye uwezo wa kupima. William Gosset, aliyebuni jaribio hili na kulichapisha mwaka 1908 kwa jina la “Student”, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness. Kiwanda kikishukiwa kimakosa, mifuko mingine itapimwa na jina lake litasafishwa. Kilo alizopunjwa mjenzi hazirudi.

Kwa hiyo kiwango kitangazwe kabla ya kupima, na dai ambalo halikukataliwa lisiitwe dai lililothibitishwa.